Kiwanda cha magari kinapoyumba: jinsi ya kulinda mshahara kabla pesa za serikali hazijafika

Mwongozo huu ni wa wafanyakazi na wawakilishi wa chama katika viwanda vya kuunganisha magari, karakana za kujenga mabodi ya matatu na ghala za vipuri, kuanzia Barabara ya Mombasa na Enterprise hadi Baba Dogo, Kariobangi na Thika. Unahusu hali moja tu: kampuni imeishiwa, wakubwa wanafanya vikao na benki na wizara, na ninyi wa sakafuni hamjaambiwa lolote la maana.

Pesa za kunusuru kampuni hazina njia yao wenyewe ya kufika kwenye mshahara. Zikiachwa zijiendee, huishia kwa benki iliyoshika dhamana, kwa wauzaji wa vifaa na kwa KRA. Mumias Sugar ilimiminiwa mabilioni ya serikali katikati ya miaka ya 2010, na bado benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu, yaani mtu anayewekwa na mdai mwenye dhamana kushika mali na kukusanya deni lake, Septemba 2019. Kinachomlinda mfanyakazi ni karatasi iliyotiwa saini kabla ya hundi kuandikwa. Kwa hiyo fuateni mpangilio wa hatua hizi. Anayeanzia ya mwisho huwa amechelewa.

Dalili, na namna ya kuzithibitisha

Kampuni haianzi kufa siku mshahara unapokosekana. Huanza kwa kutumia makato yenu kama mkopo usio na riba. Mshahara unaingia, hati ya mshahara inaonyesha NSSF, SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, mkopo wa sacco na ada ya chama, lakini pesa hizo hazifiki zinakopaswa kufika. Makato ya SHIF na PAYE (kodi ya mshahara) yanatakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi unaweza kujua ukweli. Piga *147# uone hali yako ya SHA, mamlaka inayosimamia SHIF. Fungua akaunti yako ya NSSF kwenye mtandao uangalie mwezi wa mwisho uliowekwa. Omba taarifa ya sacco, usitosheke na neno la karani.

Ukikuta miezi miwili haijawekwa, usikimbilie kelele kwenye kundi la WhatsApp. Piga picha ya kioo cha simu, weka pamoja na hati ya mshahara ya mwezi huohuo, na umkabidhi mwakilishi wa chama. Kumkata mfanyakazi kisha kutowasilisha ni kosa chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, na kiporo hicho kitawapa nguvu mezani baadaye. Kipime: watu 10 kutoka idara tofauti, yaani rangi, uchomeleaji, umeme na stoo, wanatosha kuonyesha kama ni hitilafu ya mtu mmoja au ni mtindo wa kampuni.

Dalili nyingine ni za sakafuni. Kontena za vifaa vya kuunganisha, zile za CKD, zinakaa bandarini kwa sababu benki imekataa kufungua barua ya mkopo, yaani ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji wa nje. Ovataimu inakatwa ghafla. Vibarua wanaitwa siku tatu kwa wiki. Wasambazaji wanadai pesa taslimu kabla ya kushusha mzigo. Andikeni tarehe. Daftari la kawaida lenye tarehe, idadi ya magari yaliyotoka na siku ambazo laini ilisimama huwa na thamani kubwa mbele ya mpatanishi kuliko hotuba yoyote.

Kuanzia sasa, kila mtu atunze nyumbani, si kwenye kabati la kazini: barua ya ajira, hati za mshahara za miezi 12 iliyopita, fomu za P9 (za kodi ya mwaka), rekodi ya likizo, na barua yoyote ya kupandishwa cheo. Kiwanda kikifungwa, lango hufungwa likiwa na kabati lako ndani. Sheria humtaka mwajiri atoe rekodi, na asipozitoa mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Lakini mfilisi anayekabidhiwa kompyuta zilizofutwa hulipa haraka wale wenye karatasi.

Hesabuni wanachama kwanza

Chama kinachohusika na kazi za chuma na magari ni Amalgamated Union of Kenya Metal Workers, kilicho chini ya COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama kikiwa na wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Wakiwa 180, mnahitaji 91. Si 91 wanaounga mkono moyoni. Ni 91 waliotia saini Fomu S, ile ya kuruhusu ada ikatwe. Baada ya kupokea fomu hizo mwajiri ana siku 30 kuanza kukata.

Hapa ndipo mambo huharibika, kwa njia tatu. Ya kwanza, fomu zinajazwa ovyo: namba ya kitambulisho haisomeki, saini haifanani na ya benki, tarehe hakuna. Wakili wa kampuni atazitupa moja moja hadi mbaki 84. Jazeni kwa herufi kubwa, nakala tatu, na mwajiri agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Ya pili, kampuni inawageuza mafundi wakuu kuwa "wasimamizi" kwa barua tu, ili watoke kwenye hesabu. Angalieni kazi wanayofanya, kwa maana cheo kisicho na mamlaka ya kuajiri wala kuadhibu ni mapambo. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: nusu ya laini imeajiriwa kupitia wakala wa ajira, kwa hiyo kwenye vitabu si wafanyakazi wa kiwanda. Waandikisheni hao pia, na katika barua ya kwanza kabisa mtaje kwamba wanafanya kazi ileile, kwenye laini ileile, chini ya msimamizi yuleyule.

Mwajiri akikataa kutambua chama, sheria inaruhusu chama kwenda moja kwa moja Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Milimani, kwa hati ya dharura. Msikubali kuzungushwa miezi kwa barua za "tunalitafakari suala lenu".

Baada ya kutambuliwa unakuja mkataba wa pamoja, CBA. Hauna nguvu hadi usajiliwe na mahakama hiyo. Mikataba mizuri imeshawahi kulala kwenye droo ya meneja wa wafanyakazi kwa sababu hakuna aliyefuatilia usajili. Ukishasajiliwa, masharti yake yanaingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi, na mmiliki mpya hawezi kuyafuta kwa tangazo la ukutani.

Daini hesabu za kampuni

Menejimenti itasema gharama ya wafanyakazi ndiyo inayoua kampuni. Inawezekana. Lakini msijadili sentensi hiyo bila tarakimu. Sheria inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Andikeni barua, mkiomba vitu hivi kwa majina:

- makisio ya pesa zinazoingia na kutoka kwa wiki 13 zijazo;
- orodha ya wadai, kiasi wanachodai na nani ana dhamana juu ya mali gani;
- mgawanyo wa gharama ya mishahara: wa sakafuni, wa ofisini, na wa wakurugenzi, kila kundi peke yake;
- madeni ya NSSF, SHA, KRA na sacco;
- nakala ya ombi lolote lililopelekwa serikalini.

Jina la nani anamiliki kampuni mnaweza kulipata wenyewe kwa kuomba CR12 kupitia eCitizen. Fanyeni hivyo kabla ya kikao, mjue mnazungumza na mmiliki au na mjumbe wake.

Kuhusu mgawanyo wa gharama, kisa cha Marekani kinafaa kukumbukwa. Mwaka 2008, General Motors na Chrysler zilipokuwa zinazama, ilivumishwa kwamba mfanyakazi wa Detroit analipwa zaidi ya dola 70 kwa saa. Mfanyakazi mzoefu alikuwa akipata takriban dola 28. Tarakimu kubwa ilipatikana kwa kujumlisha bima, malipo ya uzeeni na gharama ya matibabu ya mamia ya maelfu ya wastaafu, kisha kuigawa kwa saa za wachache waliobaki kazini. Hesabu haikuwa ya uongo kama gharama ya kampuni. Ilikuwa ya uongo kama mshahara. Ukiona tarakimu ya "gharama ya kazi" kwenye slaidi, uliza maswali mawili: ndani yake kuna nini, na imegawanywa kwa nini?

Serikali ikileta pesa, andikeni haya

Msitegemee tu mfano wa hundi. Kwa magari, serikali ya Kenya mara nyingi husaidia kwa ushuru na ununuzi: vifaa vya CKD kuingia kwa nafuu, ushuru wa juu kwa magari yaliyotumika, kikomo cha miaka 8 kwa magari hayo, au mikataba ya kukodisha magari ya polisi. Msaada wa namna hii ni pesa pia, ila hauna masharti kwa wafanyakazi kwa sababu hakuna aliyeyaomba. Mahali pa kuyaomba ni Mswada wa Fedha, unaowasilishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kuisha. Kamati ya Fedha hupokea maoni ya umma kwa maandishi. Waraka wa kurasa mbili unatosha: kifungu gani, mnataka kiandikwe vipi, kwa nini. Ombeni msaada ufungwe na idadi ya ajira za kudumu na uwasilishaji wa makato kwa wakati. Chama kikienda pamoja na COTU, walio Solidarity kwenye Barabara ya Digo, waraka husomwa. Mfanyakazi mmoja mmoja hupata "tumepokea".

Inapokuja mkopo au hisa za moja kwa moja, Marekani ndiko kwenye funzo nene zaidi, kwa mema na mabaya. Tarehe 11 Desemba 2008 Seneti ilikwama kwenye mswada wa dola bilioni 14, na kilichokwamisha hasa ni tarehe: maseneta walitaka UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, kikubali kushusha malipo hadi kiwango cha viwanda vya wageni, kama vya Toyota, ndani ya 2009. Wiki moja baadaye Rais Bush alitoa mkopo wa dola bilioni 17.4 kutoka kwenye mfuko uliokuwa umetengwa kuokoa benki. General Motors iliingia mahakama ya ufilisi tarehe 1 Juni 2009 na ikatoka tarehe 10 Julai, serikali ikiwa na asilimia 60.8 ya hisa na mfuko wa matibabu wa wastaafu wa UAW ukiwa na 17.5. Hazina ya Marekani ilitoa kwa sekta nzima takriban dola bilioni 80 na kurudisha kama 70.

Tuchukue yanayotuhusu.

Kwanza, kila mnachokiacha kiwe na tarehe ya kurudi. Nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei iliahirishwa 2009. Kiwango cha pili cha mshahara, cha waajiriwa wapya waliolipwa karibu nusu ya wenzao, kilikuwa kimeingia kwenye mkataba wa 2007. Kampuni zilirudi kwenye faida baada ya miaka michache, lakini makato hayo hayakuwa na kengele ya kuyaamsha. Ilibidi wanachama wa UAW wagome kwa wiki sita, kuanzia tarehe 15 Septemba 2023, ndipo wakapata asilimia 25 kwa muda wa mkataba, nyongeza ya bei ikarejeshwa na ngazi mbili zikafutwa. Kwa hiyo msiandike "mshahara utapunguzwa hadi hali itengemae". Andikeni: "Asilimia 10 ya mshahara wa msingi itaahirishwa kwa miezi 9 kuanzia tarehe fulani, siku ya mwisho mshahara unarudi bila majadiliano, kilichoahirishwa ni deni na kitalipwa kwa awamu 6." Neno "kuahirisha" na neno "kupunguza" hutofautiana kwa pesa nyingi wakati wa kukokotoa malipo ya kuondoka, kwa sababu hesabu hutumia mshahara wa mwisho.

Pili, msiwauze watakaokuja kesho. Ngazi mbili za mshahara huonekana rahisi kwa sababu anayeumia hajafika kupiga kura. Akishafika ana sababu nzuri ya kutoamini chama, na kampuni ina sababu nzuri ya kumtoa wa zamani amweke mpya.

Tatu, saini ya mwenye uwezo ni bora kuliko huruma yake. Delphi, kampuni ya vipuri iliyokuwa tanzu ya General Motors, ilipoanguka, mifuko yake ya uzeeni ilichukuliwa 2009 na shirika la serikali la bima ya pensheni. Wastaafu wa UAW walifidiwa pengo lao na General Motors kwa sababu ya ahadi iliyotiwa saini 1999, Delphi ilipotenganishwa. Wafanyakazi wa ofisini, wasio na chama, hawakuwa na karatasi hiyo, na wengi walipoteza sehemu kubwa ya pensheni. Kampuni ileile, mwaka uleule. Wahandisi na makarani wanaodhani chama ni cha watu wa ovaroli wasome aya hii mara mbili.

Nne, hisa si pesa taslimu. Mkipewa hisa badala ya malimbikizo, kubalini kwa sehemu ndogo tu, kupitia mfuko wenye wadhamini, na malimbikizo ya mshahara yalipwe taslimu. Walioshika hisa za General Motors ya zamani walibaki na karatasi.

Kwa lugha ya mkataba, masharti ya chini kabisa ya kudai ni haya: malimbikizo ya mshahara na makato yalipwe ndani ya siku 30 tangu pesa kuingia, kabla ya mdai mwingine yeyote asiye na dhamana, wakurugenzi wakatwe kwa asilimia isiyopungua ya wafanyakazi, pawe na orodha ya kurudishwa kazini kwa kufuata muda wa utumishi, na chama kipewe ripoti ya kila mwezi ya matumizi. Hilo la mwisho hupingwa kuliko yote, na ndilo la kushikilia.

Kampuni ikiuzwa: hisa au mali?

Hapa wengi huumizwa bila kujua. General Motors ilipouza kwa Isuzu asilimia 57.7 iliyomiliki katika General Motors East Africa mwaka 2017, kilichouzwa kilikuwa hisa. Mwajiri kisheria alibaki yuleyule, jina likabadilika kuwa Isuzu East Africa, na miaka ya utumishi ikaendelea kuhesabiwa. Lakini mnunuzi akinunua mali, yaani jengo, mashine, chapa na stoo, mwajiri wenu ni ganda tupu lililobaki nyuma. Kenya haina kanuni inayohamisha mikataba ya ajira moja kwa moja kwa mnunuzi wa mali. Mobius Motors ilipotangaza Agosti 2024 kwamba inafilisiwa kwa hiari, kisha baada ya muda mfupi ikatangaza kwamba mnunuzi amepatikana, swali la kwanza kwa mfanyakazi yeyote katika hali kama hiyo ni hilo: ananunua nini?

Jibu likiwa "mali", daini moja kati ya mawili, kwa maandishi: mnunuzi akubali miaka yote ya utumishi kama yake, au mwajiri wa zamani awalipe malipo yote ya kupunguzwa kabla ya funguo kukabidhiwa. "Mtahamia kule tu, msiwe na wasiwasi" si jibu.

Notisi ya kupunguzwa ikifika

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ndicho cha kushika mkononi. Kinataka mwajiri akiarifu chama na afisa wa kazi, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji, angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama aarifiwe yeye binafsi kwa barua, na afisa wa kazi pia. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufaa ilisema mwezi huo unamhusu pia asiye mwanachama. Notisi hii ni tofauti na notisi ya kusitisha mkataba, ambayo ni mwezi mwingine au mshahara wa mwezi badala yake. Kampuni zinazounganisha notisi mbili kuwa barua moja ya "kuanzia leo" ndizo hushindwa mahakamani.

Siku ya kwanza, mpelekeeni afisa wa kazi nakala muone kama naye aliarifiwa. Mara nyingi hakuarifiwa. Kisha daini vigezo vya kuchagua: sheria inataja muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kuaminika. Ombeni alama za kila mtu. Wawakilishi wa chama wakiwa ndio kundi la kwanza kwenye orodha, mmeshapata kesi.

Ripotini mgogoro kwa Waziri wa Kazi, wizara iliyo jengo la NSSF, Bishops Road. Anatakiwa kumteua mpatanishi ndani ya siku 21, na upatanishi huchukua hadi siku 30. Ukisharipotiwa, au kama mwajiri amepunguza watu bila notisi, chama kinaweza kwenda mahakamani kwa dharura kuomba zuio. Mgogoro wa kufukuzwa uripotiwe ndani ya siku 90. Kesi ya ajira ina kikomo cha miaka 3. Anayepata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi mbele ya hakimu aliyeidhinishwa, jambo ambalo hupunguza foleni.

Mgomo unahitaji notisi ya maandishi ya siku 7, tena baada ya upatanishi kushindikana. Kuruka hatua hii ni kumpa mwajiri asiye na pesa zawadi: anawafukuza kwa utovu wa nidhamu badala ya kuwalipa kwa kuwapunguza. Na hata mgomo halali, kwenye kiwanda kisicho na vifaa vya kuunganisha, huwa unasimamisha laini iliyokwisha kusimama. Utumieni wakati kuna magari ya kutoka.

Kokotoa mwenyewe

Chukua fundi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 39,000, miaka 11 na miezi 7 kazini, anayedai mishahara ya miezi miwili na siku 14 za likizo.

Malipo ya kupunguzwa ni siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ile miezi 7 haihesabiwi isipokuwa CBA iseme hivyo. Sasa tazama kigawanyo. Ukigawa mshahara kwa 30, siku ni 1,300. Mara 15 mara 11 ni 214,500. Ukigawa kwa 26, ambazo ndizo siku za kazi za mwezi, siku ni 1,500, na jumla inakuwa 247,500. Tofauti ni 33,000 kwa mtu mmoja. Kwa watu 100 wa kiwango hicho ni milioni 3.3. Andikeni kigawanyo kwenye CBA, na mwandike pia kama "mshahara" unajumlisha marupurupu ya nyumba.

Kwa kigawanyo cha 26:

- malipo ya kupunguzwa: 247,500
- likizo, 14 × 1,500: 21,000
- badala ya notisi: 39,000
- malimbikizo, miezi 2: 78,000

Jumla ni 385,500 kabla ya kodi, bila kuhesabu siku alizofanya mwezi wa mwisho. Kila mmoja awe na karatasi ya namna hii kabla ya kuingia ofisi ya meneja wa wafanyakazi.

Humo ofisini kutakuwa na hati nyingine, inayosema umepokea malipo yote na huna dai lolote. Usiichukulie kama risiti. Mahakama ya Rufaa imeshaamua kwamba ukiitia saini kwa hiari na kwa kuelewa, inakufunga. Ukihitaji pesa hizo leo, na wengi huhitaji, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea shilingi kadhaa kama sehemu ya malipo, sijaacha dai la kiasi kilichobaki." Piga picha. Wakikataa kukulipa kwa sababu ya maneno hayo, umepata ushahidi mwingine.

Mrasimu, msimamizi au mfilisi akishaingia

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, msimamizi huja kujaribu kuokoa kampuni. Mfilisi huja kuifunga. Mrasimu bado huletwa na hati za dhamana za zamani. Wakati wa usimamizi huwezi kuishtaki kampuni bila idhini ya msimamizi au ya mahakama, kwa hiyo kesi iliyo tayari Milimani kabla ya hapo ina faida yake.

Mali zilizofungwa kwa dhamana mahsusi, kwa mfano ardhi na jengo, ni za benki kwanza. Kinachosalia hulipa gharama za ufilisi wenyewe, kisha mnakuja ninyi: mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi kuanza, likizo, malipo ya kupunguzwa, na makato yaliyokatwa bila kuwasilishwa. KRA iko nyuma yenu. Ila kuna dari ya shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Yule fundi wetu wa 385,500 atapata kipaumbele kwa 200,000. Zile 185,500 zinaanguka kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, pamoja na muuzaji wa rangi na kampuni ya ulinzi, na foleni hiyo hulipwa senti kwa shilingi, kama inalipwa. Angalieni pia ile miezi minne. Mkivumilia miezi saba bila mshahara, mitatu ya mwanzo imepoteza kipaumbele. Uvumilivu una kikomo cha kisheria: mwezi wa tatu bila mshahara ndio wa mwisho wa kungoja kabla ya kuwasilisha dai.

Mfilisi hutoa tangazo gazetini na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Jazeni fomu ya kila mtu, mziambatishe nyaraka, mzipeleke kwa pamoja kupitia chama na kugongewa mhuri. Kwenye mkutano wa wadai kura hupimwa kwa thamani ya deni. Mfanyakazi mmoja hasikiki, lakini madai 150 ya aina ile ni takriban milioni 58. Mpeni mtu mmoja idhini ya maandishi awapigie kura, na ombeni kiti kwenye kamati ya wadai.

Kabla ya kutoka, chukua cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama mwajiri amekukasirikia, na barua inayoonyesha makato ya sacco yasiyowasilishwa. Ipeleke sacco wiki hiyohiyo, kwa sababu wao watakuandikia wewe na wadhamini wako kwamba hamlipi mkopo, na wadhamini wako pengine walikuwa wakifanya kazi mashine mbili kutoka kwako.